Tupime Jiwe la Tabaka Kabla ya Kujenga Kinu cha Nyuklia

Atokaye Nyamarambe kwenda Tabaka hana haja ya kuuliza kama amefika. Vumbi humwarifu. Ni vumbi laini mithili ya unga, lililotua juu ya majani, mabati na nyusi za vijana washikao tezo. Hapo ndipo lichimbwapo jiwe la sabuni, ambalo kwa miongo mingi limewapa Abagusii wa Mugirango Kusini karo, chakula na jina ulimwenguni. Wanaume huchimba na kuchonga, akina mama huosha na kusugua kwa msasa, na watoto husaidia shule zifungwapo.

Huenda msomaji akajiuliza jiwe hili lina uhusiano gani na kinu cha nyuklia, ambacho ndicho hasa ninachokusudia kukizungumzia. Uhusiano upo, nao ni upimaji.

Kila jiwe lina mionzi yake. Ndani yake mna potasiamu, thoriamu na radiamu itokanayo na urani, vitu vilivyokuwamo ardhini kabla ya binadamu kuumbwa. Thoriamu huchukua takriban miaka bilioni 14 kupungua nusu yake. Radiamu nayo huzaa gesi ya radoni, isiyoonekana wala kunukia, na ambayo Shirika la Afya Duniani huihesabu miongoni mwa vyanzo vikuu vya saratani ya mapafu baada ya sigara. Hata hivyo, tusitishike ovyo. Kwa wastani, mtu wa kawaida hupokea milisiveti 2.4 za mionzi ya asili kila mwaka, na karibu nusu yake ni ya radoni, naye huishi na kuzeeka. Hoja si kuwapo kwa mionzi, bali ni wingi wake, na wingi haujulikani kwa kukisia.

Naam, Tabaka imewahi kupimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo ya vipimo vya potasiamu, thoriamu na radiamu katika machimbo hayo, pamoja na viwango vya mionzi inayowafikia watu. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini ilichapishwa kwa Kiingereza katika jarida la wataalamu. Je, ni nani aliyemshukia mchimbaji shimoni akamweleza, kwa Ekegusii au kwa Kiswahili, maana ya namba zile kwa mapafu yake? Sitazinukuu hapa. Namba ya namna hiyo yafaa isomwe palepale, na mtu aliyeshika kipimo mkononi, ili aulizwe maswali.

Tukumbuke yaliyotukia Chernobyl. Kinu kililipuka tarehe 26 Aprili 1986, na wakubwa wa Kisovieti wakanyamaza. Siku mbili baadaye, vipimo vya kituo cha Forsmark nchini Uswidi, mbali kabisa na hapo, vilionyesha mionzi isiyokuwa ya kituo hicho. Siri ikafichuka. Haikufichuliwa na msemaji wa serikali wala mwandishi wa habari. Ilifichuliwa na chombo cha kupimia, na watu waliojua kukisoma na wasioogopa kusema walichokisoma.

Sisi nasi tumo njiani. Kenya ina Wakala wa Nishati ya Nyuklia, na kwa sheria ya mwaka 2019 ina mamlaka ya kudhibiti nyuklia, iliyorithi kazi za bodi ya kukinga watu na mionzi iliyotokana na sheria ya mwaka 1982. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kuupinga mpango wa kujenga kituo kwao. Baadaye Kaunti ya Siaya ikaanza kutajwa, na Siaya si mbali na Gusii. Wapo wanaowacheka watu wa Uyombo kwamba wanaogopa wasichokijua. Mimi siwacheki. Raia asiyewahi kuonyeshwa kipimo cha mionzi atamwaminije mhandisi amwambiaye kwamba kinu ni salama? Ama atakubali kipofu, ama atakataa kipofu.

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha nne amefundishwa unururifu katika somo la Fizikia. Huchora kihesabu cha Geiger, hukariri sehemu zake, akatahiniwa na kupita. Ni wangapi waliowahi kukisikia kikilia? Chombo hicho si kikubwa, huchukulika mkononi. Shule chache za Mugirango Kusini zingeweza kushirikiana kukinunua kimoja, na kila muhula wanafunzi, wakiongozwa na mwalimu, wakapima darasani, sokoni Nyamarambe na machimboni Tabaka, kisha wakayabandika matokeo penye watu. Kihesabu hakitapima radoni ndani ya nyumba, kwani hiyo ina vyombo vyake, na hapo ndipo serikali ya kaunti na mamlaka ya nyuklia zitakapodaiwa kazi yao.

Kwa sasa, jiwe lilowanishwe maji kabla ya kusuguliwa, pua na vinywa vifunikwe, na karakana ziachwe wazi hewa ipite. Vumbi hilo hudhuru mapafu hata pasipo mionzi, na kwa hilo hatuna haja ya kungoja kipimo.