Masomo mbili mu nyumba moja: waziunganishe?

Mu muji wa New York, kule Marekani, kuko nyumba moja ya masomo ya Leta, kando ya barabara ya Third Avenue, karibu na barabara ya 96. Nyumba ni moja, lakini ndani muko masomo mbili. Moja inaitwa PS 198, inapokea mutoto yeyote wa kartiye. Ingine ni Lower Lab, inapokea paka wale waliochaguliwa, wale wanaitwa watoto wa akili nyingi. Kila moja iko na direkteri wake, walimu wake, komite yake ya wazazi. Mu mwaka 2010 gazeti Village Voice liliandika habari yenye kuumiza roho: asubuhi watoto wa Lower Lab, wengi wao weupe, wanapita mulango wa mbele, wale wa PS 198, wengi wao weusi ao wa jamaa zinazosema kiespanyole, wanapita mulango wa nyuma.

Tangu 1954 tribinali kubwa ya Marekani ilikataza kutenga watoto kwa rangi mu masomo ya Leta. Na hapa hakuna mutu aliandika rangi ku mulango. Waliandika akili. Ndiyo maana maulizo ni magumu: zile mbili ziunganishwe, ao kila moja ibaki na yake?

Sisi huku tunajua nyumba yenye masomo mbili. Mu miji yetu ziko mingi: hawa wanasoma asubuhi, wale wanaingia nyuma ya saa sita, mabanki ni yale yale. Ni nafasi tu inakosa. Na wazee wa makambi wanakumbuka wakati wa Union Minière na wa Gécamines: mutoto wa mufanyakazi alisoma kwa matrikile ya baba yake, mutoto wa jirani asiye na kazi ku kampuni alitafuta kwingine. Lakini hata wakati ule hakuna mutu aliketisha mutoto wa miaka 4 ili apime akili yake.

New York walifanya vile, miaka na miaka. Mutoto wa miaka 4 anakaa mbele ya mutu mukubwa asiyemujua, anaulizwa maulizo, anapewa pointi. Kila mwaka watoto karibu 2 500 walipata nafasi, kati ya karibu 65 000 waliokuwa wanaanza masomo. Kati ya wale waliopata, karibu robo tatu walikuwa weupe ao wa asili ya Asia, na mu masomo yote ya muji wengi ni weusi na walatino. Juu ya nini? Mzazi mwenye makuta alijua habari ya mutihani mapema, akanunua vitabu vya mazoezi, akalipa mwalimu wa nyumbani. Mama anayesafisha hoteli usiku, nani alimwambia kama kuko mutihani? Unapima mutoto, kumbe umepima mufuko wa baba.

Lakini tusikimbie kusema wale wa Lower Lab ni wachoyo tu. Mutoto anayejua kusoma mbele ya wengine, ukimukalisha mwaka muzima na alfabeti, atachoka, ataanza fujo. Mwalimu mwenye watoto 30 hawezi kugawanyika. Tena maskini pia wanataka zile kalasi. Kuanzia 2008, wakati muji wote uliwekwa kwa mutihani moja na pointi moja, kartiye zingine za Bronx na za Brooklyn zilikosa kalasi za akili nyingi, kwani watoto waliofikia pointi walikuwa wachache sana. Mu 2016 muji ulifungua zingine mu distrikti 4 za namna ile. Zilianza mwaka wa tatu wa primere, bila ule mutihani wa watoto wadogo.

Wakubwa wenyewe wanavuta huku na kule. Mu januari 2021 konseye ya masomo ilikataa kontra ya mutihani, kura 8 kwa 7. Mu oktoba Meya de Blasio akasema zile kalasi zitaisha pole pole. Mwaka uliofuata Meya Adams akazirudisha na kuziongeza. Mutihani haukurudi: wakati wake mwalimu alikuwa anapendekeza mutoto, kisha kunapigwa tombola.

Sasa, kuunganisha. Wengi wanafikiri ukitoa direkteri moja na kufungua mulango moja, kazi imeisha. Muangalie PS 163, iko mu muji ule ule, ku barabara ya 97 upande wa magaribi. Pale masomo ni moja, direkteri ni moja. Na bado mu januari 2013 New York Times ilionyesha kama kalasi za akili nyingi ziko na weupe wengi, na kalasi zingine zimejaa weusi na walatino. Ukuta ulihama ku mulango, ukaenda mu kolidori.

Chicago walijaribu njia ingine mu 2018. Ogden, masomo ya kartiye ya watajiri, ilikuwa imejaa mpaka juu. Jenner, masomo ya watoto weusi maskini, vyumba vingi vilikuwa mitupu. Kule haikuwa habari ya akili nyingi, ila wazazi wa pande zote waliongea muda murefu mbele ya kukubali. Waligawanya kwa miaka: wadogo mu nyumba moja, wakubwa mu ile ingine. Vile hakuna mutajiri anabakiza mutoto wake mu nyumba yake mwenyewe mpaka mwisho.

Kwa ile ya Third Avenue, miye nasema waunganishe, lakini kuanzia kalasi. Mpaka mwaka wa pili watoto wote wakae pamoja. Nyuma ya pale, anayepita wengine mu hesabu aende kwa hesabu ya juu, kisha arudi kwa wenzake kwa kusoma na kwa michezo. Itaomba walimu wa kuongeza, kwa hiyo makuta. Na komite mbili za wazazi zitie franga mu kesi moja. Naona ni hapo kelele itakuwa kubwa kupita ile ya milango.