VITABU TULIVYOVIPATA MUHULA HUU
Na Kiranja wa Maktaba, Kidato cha Tatu

Mhariri ameniomba nieleze habari za ule ubao uliotundikwa karibu na mlango wa maktaba yetu, maana wazazi waliofika siku ya mkutano waliuona wakauliza ni wa kazi gani. Nimekubali kwa furaha, lakini namwonya msomaji mapema kwamba sehemu moja ya habari hizi yanihusu mimi mwenyewe, nayo si sehemu ya kujisifu.

Ubao huo ulianzishwa na mwalimu wetu wa Kiswahili. Aliona kwamba wanafunzi huazima vile vile vitabu vichache vya mtihani, na vingine vyote hubaki katika rafu vikila vumbi. Basi akaweka desturi hii: kila aliyenunua kitabu, au aliyekivumbua maktabani, aandike mambo manne. Kwanza, jina la kitabu na la mwandishi. Pili, alikipata wapi. Tatu, kama alikinunua, kwa bei gani. Nne, sentensi moja tu ya kueleza kwa nini mwenziwe akisome. Walimu nao huandika, na siku ya mkutano wazazi pia walikaribishwa kuandika.

Yafaa nitaje machache yaliyoandikwa. Mwalimu wetu wa Historia alinunua "Peponi", riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kitabu chenyewe kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri yake ya Kiswahili, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ikatoka mwaka 2022. Tangu habari hiyo ibandikwe, wanafunzi kadha wamekuwa wakingojea zamu ya kukiazima kwa mwalimu.

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza alivumbua "Kufikirika" cha Shaaban Robert, akaja kwangu na swali lililoniduwaza. Alisema, "Kaka, mwandishi huyu alifariki mwaka 1962, na hapa pameandikwa kitabu kilichapishwa mwaka 1967. Mtu aliyekufa huchapishaje kitabu?" Tulikwenda kwa mwalimu, naye akatueleza kwamba kuandika ni kazi moja na kuchapisha ni kazi nyingine. Mwandishi huweza kufa na maandishi yake yakabaki mpaka apatikane wa kuyachapisha. Nadhani mwanafunzi yule alijifunza kusoma ukurasa wa jina la kitabu, jambo ambalo wengi wetu huliruka.

Wengine huniuliza, "Wewe wavipataje vitabu hivi, nasi twapita hapo hapo kila siku?" Siri yenyewe ni zile tarakimu zilizobandikwa mgongoni mwa kitabu. Mpango huo ulitungwa na Mmarekani, Melvil Dewey, na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Maarifa yote yamegawanywa mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Sayansi i katika 500, kazi za ufundi na kilimo katika 600, fasihi katika 800, historia na jiografia katika 900. Kila tarakimu inayoongezwa hupunguza eneo la kutafuta. Kwa mfano, kilimo ni 630. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na lugha yenyewe, pamoja na kamusi zake, ni 496.392. Mtu akiisha kujua tarakimu hizo, aweza kuingia maktaba nyingi za nchi hii akaenda moja kwa moja hadi rafu anayoitaka. Tena asiishie kwenye kitabu alichokifuata, bali avitazame vya kulia na vya kushoto, maana hao ni jamaa moja.

Sasa nieleze habari za kununua. Wengi wetu hatuwezi bei ya kitabu kipya dukani, kwa hiyo twanunua vya mkono wa pili vilivyotandazwa kando ya njia. Si vibaya, ila mnunuzi afungue macho. Kwanza, atazame kama ukurasa wa jina la kitabu upo. Pili, ahakikishe kurasa zinafuatana. Kitabu hutengenezwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa, na kila mkunjo hutoa kurasa kumi na sita au thelathini na mbili. Kwa hiyo fungu likilegea, hung'oka kurasa nyingi pamoja, na jalada likaonekana zima. Tatu, kama ni kamusi, atazame mwaka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, ikarudiwa mwaka 2004 na tena mwaka 2013. Ya zamani bado yafaa, lakini mtu ajue anachonunua.

Mashauri hayo nayatoa kwa sababu mimi mwenyewe sikuyafuata. Muhula uliopita, nikirudi kutoka likizo, nilikuta kwa mchuuzi mmoja kitabu nilichokitafuta siku nyingi, "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Ni hadithi ya upelelezi ya Kiunguja, na mpelelezi wake ni Bwana Msa, mvuta kiko. Niliulizwa shilingi elfu nne, nikatoa elfu tatu. Ukurasa wa jina la kitabu ulikuwa umechanwa, lakini nikajiambia ni uzee tu. Siku ile ile nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa.

Mitihani ilinizuia kukisoma. Usiku wa mwisho kabla ya kufunga shule nilikifungua, na nilipofika ukurasa wa 25 nikaona muhuri wa maktaba ya umma ya mji mmoja ulio njiani kwenda kwetu. Ndipo nilipofahamu. Maktaba nyingi hupiga muhuri mahali pawili, mbele panapoonekana, na katika ukurasa mmoja wa ndani usiotazamiwa. Aliyekichukua alichana ule wa mbele, wala hakuujua wa pili. Maktaba ikiondoa kitabu kwa halali hukitia alama ya kuonyesha kwamba kimeondolewa. Nilipekua mpaka mwisho, nisione alama hiyo.

Wenzangu wa bwenini walisema, "Wewe hukuiba. Umelipa fedha yako, kitabu ni chako." Maneno hayo yalinipendeza kupita kiasi. Lakini mimi ndiye ninayewafuata wadogo wa Kidato cha Kwanza mpaka vitandani mwao kudai vitabu vilivyochelewa kwa siku tatu. Ningewatazamaje?

Kesho yake nilisoma garini kwa haraka. Tulipofika mji ule, kurasa kama ishirini zilikuwa zimebaki. Gari lilisimama kwa muda mfupi tu, nami nikakimbia hadi maktaba. Nilimwamkia mama mkutubi, nikampa kitabu na kumweleza yote. Alifungua daftari kubwa la vitabu, akafuata namba kwa kidole, akasema, "Ndicho. Wasomaji wamekuwa wakikiulizia, nami huwajibu hakipo." Alinishukuru, akaniuliza ninasoma wapi. Sikurudishiwa fedha, wala sikuomba. Nje, honi ya gari ilikuwa ikilia.

Shule ilipofunguliwa niliyafuta maneno yangu ya zamani ubaoni, nikaandika mapya: kitabu hiki nilikinunua, kikawa si changu, nimekirudisha kwa wenyewe, bado sijamjua mwuaji. Wengine walicheka. Lakini siku ya mkutano mzazi mmoja alisoma maneno hayo, akaandika kwa penseli chini yake, "Ninacho nyumbani. Nitamletea." Alitimiza ahadi yake juma lililofuata. Ukurasa wa jina la kitabu umo, na jina la mzazi huyo limeandikwa kwa wino ndani ya jalada. Nimekimaliza, lakini sitasema mwuaji ni nani, maana wanafunzi sita wamekwisha kuomba kukiazima, na mwenyewe amewaruhusu.

Basi, wazazi wetu, hiyo ndiyo kazi ya ubao. Mkipita tena shuleni, andikeni mlicho nacho majumbani. Nanyi wanafunzi wenzangu, tazameni chini ya vitanda vyenu na ndani ya masanduku kabla ya kufunga shule. Katika daftari letu, vitabu kumi na kimoja havijarudi, na katika kila kimoja, mahali fulani ndani, upo muhuri.