Kisangani: PlayStation 2 ya zamani bado inashinda mashini mpya, umeme ndio sababu

Mjini Kisangani, jimbo la Tshopo, anayepita barabara za Makiso au Mangobo saa za jioni husikia kelele za goli kabla hajaona mlango wa sale ya michezo. Ndani kuna benchi za mbao, televisheni chache, na vijana wawili wawili wenye manete mkononi, wanaochanganya Lingala na Kiswahili katika sentensi moja. Chini ya televisheni hukosi kukuta PlayStation 2, mashini ambayo Sony iliacha kuitengeneza Januari 2013.

Wengi hudhani ni ukosefu wa pesa tu. Pesa ina sehemu yake, ndiyo. Lakini angalia jinsi mashini hizi zinavyokula umeme, utaona sababu nyingine.

Kisangani inategemea bwawa la mto Tshopo, lililojengwa wakati wa Wabelgiji na lenye grupu tatu. Hata grupu zote zikizunguka, nguvu yake haifiki megawati 20, na mji una wakaaji zaidi ya milioni moja. Grupu moja ikiharibika, delestaji inaanza. Mwenye sale anawasha jenereta yake ndogo ya esansi, na hapo hesabu inaanza.

PS2 inakula wati 50 hivi au chini yake. PS4 ya kwanza, iliyotoka Novemba 2013, inakaribia wati 140 mchezo ukiwa unaendelea. PS5, iliyotoka Novemba 2020, inafika 200 hivi. Tuseme sale ina mashini nne, na kila televisheni inakula wati 60. Kwa PS2 jumla ni wati 440. Kwa PS4 ni 800. Kwa PS5 tayari umepita elfu moja. Zile jenereta ndogo zilizoandikwa wati 950, ambazo mtu mmoja anabeba kwa mkono, zinawasha kundi la kwanza bila shida, zinahema kwa la pili, na kwa la tatu zinazimika. Na kadiri mzigo unavyoongezeka, esansi nayo inakwisha haraka.

Kuna sehemu moja ambapo mashini ya zamani inashindwa, nayo ni kizuizi chake cha umeme. PS2 kubwa ya kwanza iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya inataka volti 220 hadi 240. Ile ya Marekani inataka 120, ya Japani 100. Ukichomeka ya Japani kwenye plagi ya Congo inayotoa 220, imeungua, na fundi atakuambia ununue nyingine. PS4 imeandikwa volti 100 hadi 240. Kwa hiyo jioni, watu wote wakiwasha majiko na umeme ukashuka hadi 160, PS4 inaendelea kama kawaida.

Lakini kinachoua zote ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya delestaji. Stabilizateri nzuri inasaidia. Kuchomoa plagi mara umeme unapokatika kunasaidia zaidi, na hakugharimu hata franga moja. Tena kuna suala la kumbukumbu: kadi ndogo ya PS2, ya megabaiti 8 tu, umeme ukikatika wakati inaandika, shampiona nzima ya mtoto inaweza kupotea. PS4 ina disiki ngumu ndani. Ikizimwa ghafla, huanza kwa kujikagua kwanza, na disiki hiyo nayo haipendi kukatiwa umeme kila siku.

Ndani ya mashini hizi kuna kitu kingine kinachomhusu mkaaji wa Kisangani kuliko wati. PS2 iliuzwa mara ya kwanza Japani tarehe 4 Machi 2000. Miezi mitatu baadaye, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Maelfu ya makombora yaliangukia mitaa, mamia ya raia wakauawa. Mwishoni mwa mwaka uleule bei ya tantali, inayotolewa katika koltani, ilipanda mara kadhaa, kisha ikaanguka 2001. Ng'ambo kuna walioyaunganisha yote na kuzungumzia "vita vya PlayStation".

Tantali inafanya nini? Fungua mashini, utaona vidude vidogo vya njano au vyeusi, baadhi saizi ya punje ya mchele. Ndizo kondansateri. Ndani yake kuna unga wa tantali uliobanwa na kuchomwa hadi ukawa na matundu kama sifongo, hivyo unashika umeme mwingi katika nafasi ndogo na kuutoa bila kuruka-ruka.

Kwa maoni yetu, jina hilo la vita linapotosha. Hapa Kisangani majeshi mawili yaligombania mji, biashara ya almasi na uongozi wa RCD iliyokuwa imegawanyika. Koltani ilichimbwa hasa Kivu, na simu na kompyuta ziliitaka pia. Lakini anayesema hakuna uhusiano wowote naye anakosea: wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza katika ripoti ya Aprili 2001 jinsi koltani ilivyoingiza pesa kwa wenye silaha. Rubaya, katika Masisi, ilitekwa na M23 mwaka 2024, na bado ni koltani ileile. Kuhusu madhara ya vita ya Uganda nchini Congo, yale ya Kisangani yakiwemo, Korti ya Kimataifa ya Haki iliamua Februari 2022 kwamba Uganda ilipe Congo dola milioni 325, na mfuko wa FRIVAO uliundwa ili kuwagawia wahanga fidia.

Turudi kwenye sale. Anayetaka kuacha PS2 afikirie PS4 iliyotumika, yenye tundu la disiki linalosoma vizuri. Ajaribu disiki mbili palepale kabla ya kulipa. PS5 isiyo na tundu la disiki inataka kupakua michezo ya makumi ya gigabaiti, na kwa bei ya megabaiti hapa kwetu, mwenye sale atalipa mchezo mara mbili. Anayebaki na PS2 ajue disiki rasmi za mwisho za mpira ni FIFA 14 na PES 2014. Humo Messi bado yuko Barcelona.