Ukuta wa Trela: Kupunguza na Kuunga

Aliyekusudia kuwachukua ahali zake kutoka Ndithini, kaunti ya Machakos, akalale nao kando ya bwawa la Masinga, lililoyazuia maji ya Mto Tana tangu mwaka 1981, ama chini ya Kilimambogo, hana lazima ya kuagiza trela ya kulalia kutoka ng'ambo. Kwani tangu Septemba 1947, jarida la Marekani liitwalo Mechanix Illustrated lilipotoa michoro ya trela ndogo ya umbo la tone, ni dhahiri kwamba kazi hii yaweza kutimizwa na mwenye msumeno, gundi na subira, na seremala wa sokoni aundaye milango na madawati hakosi hata kimoja katika hivyo vitatu.

Ubao wa plaiwudi huuzwa futi 8 kwa futi 4, nao ni matabaka membamba yaliyogandishwa nyuzi zake zikikingamana, ndiyo maana haupindi upesi kama ubao wa mti mzima. Lakini ule wa unene wa milimita 18 hupata kilo 30 hivi, na kuta zikijengwa kwa mbao nzimanzima, gari dogo litaelemewa kabla godoro halijapakiwa. Kwa hiyo fundi huchora mbavu za upana wa inchi 3 hivi, pembezoni na katikati, akaondoa sehemu zilizosalia kati yake; matundu hayo baadaye hujazwa sponji ngumu ya kuzuia joto, yakafunikwa plaiwudi nyembamba pande zote mbili.

Kukata huko kuna adabu yake. Mbao mbili hubanwa pamoja kwa jiriwa ili ukuta wa kulia na wa kushoto zitoke sawasawa, kisha kila pembe ya ndani hutobolewa kwanza kwa kekee, ndipo msumeno uende tundu hadi tundu; kwani pembe ikiachwa kali, ufa huanzia hapo siku trela irukapo matuta ya barabara ya Thika na Garissa.

Sanaa ya kupunguza mti si ngeni Ukambani, tangu Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza na ujuzi wa kuchonga. Ila mchongaji hukitoa kinyago katika gogo moja, ilhali ukuta wa futi 10 hautoki katika ubao wa futi 8. Hapa yafaa kuazima maarifa ya mafundi wa mashua za mbao: ncha mbili huchongwa mshazari kwa randa, urefu wa mshazari ukiwa mara 8 ya unene, yaani milimita 144 kwa ubao wa 18, zikapakwa gundi isiyoyeyushwa na maji, zikabanwa hata zikauke. Anayezigusanisha ncha kwa ncha na kupiga misumari hujidanganya, maana gundi hainati vyema kwenye ncha za nyuzi, na msumari hulegea kwa mtikisiko.

Kingo zote sharti zinyweshwe vanishi kabla ya mvua za Novemba, kwa kuwa maji hupenyea ukingoni, na trela isajiliwe na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kuingia barabarani. Naye mteja, kabla ya kuuliza bei, na aulize kiungo hicho cha mshazari kitakaa wapi: fundi akionyesha juu ya mlango au dirisha, palipobaki ukanda mwembamba, na amwombe akisogeze penye ubao mpana, msumeno ungali chini, na kusahihisha mstari wa penseli hakuna gharama.