Kamani Chini ya Mguu

Watu wengi hudhani kwamba wayo wa mwanadamu ni kama kitako cha mchi, yaani kitu cha kukanyagia tu. Sivyo ulivyo. Kila wayo una mifupa 26, na mifupa ya nyayo mbili ikihesabiwa pamoja ni 52, ambayo ni robo ya mifupa yote ya mwili wa mtu mzima. Mifupa hiyo imepangwa kwa umbo la tao, kama daraja la mawe, na chini yake zimepita kano zenye nguvu zinazolishika tao hilo lisifunguke. Mtu aliyelowa miguu akikanyaga sakafu kavu, alama yake huonyesha kisigino na vidole, lakini katikati hubaki pahali pakavu. Hapo ndipo penye uvungu wa tao.

Mtu akiuweka mguu chini, tao hushuka kidogo na kano huvutika. Akiinua kisigino, kano hujikusanya na tao hupanda tena. Ukano mkubwa ulio nyuma ya kisigino nao hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo wayo ni kamani, mfano wa zile kamani za chuma zilizo chini ya gari, ambazo hulemewa zikainama, kisha hunyoka. Mwaka 1987 wataalamu wa Uingereza walitoa hesabu ya jambo hili. Walikadiria kwamba mtu akimbiapo, katika kila sehemu 100 za nguvu zinazopotea na kurudi kwa hatua moja, ukano wa kisigino huweka akiba sehemu 35, na tao la wayo sehemu 17.

KAMANI SI INJINI

Yafaa kufahamu vema ya kwamba kamani haina nguvu yake yenyewe. Hurudisha ile tu iliyowekwa ndani yake, tena huirudisha ikiwa pungufu, maana sehemu fulani hugeuka kuwa joto. Ni kama mtu aliyeweka shilingi 10 kwa mwenye duka, naye siku ya kuzitaka akarudishiwa 8. Hakuna kiatu wala mguu wa bandia usio na injini uwezao kumpa mtu nguvu ambayo hakuitia mwenyewe.

Basi uzuri wa kamani hupimwa kwa mambo mawili: hurudisha kiasi gani, na hurudisha wakati gani. Ikirudisha mapema mno, kabla mwili haujapita mbele ya mguu, humsukuma mtu nyuma. Ikichelewa, mguu umekwisha kuinuliwa, na nguvu hupotea bure.

Zaidi ya hayo, kilicho chini ya mguu kina kazi nyingine mbili. Ya kwanza ni kupokea kishindo, kwa kuwa mtu akimbiapo wayo wake hubeba uzito wa mwili mara mbili au mara tatu. Ya pili ni kuutegemeza wayo usilale upande. Kazi hizi tatu hazipatani kwa urahisi. Kitu laini sana hupokea kishindo vizuri, lakini huimeza nguvu ya mtembezi, kama mchanga wa pwani unavyomchosha mpita njia. Kitu kigumu humtegemeza mtu, lakini humgonga magoti. Fundi wa viatu na fundi wa miguu ya bandia wote wawili hutafuta kipimo kilicho katikati.

SOLI ZA VIATU

Akala, vile viatu vilivyokatwa katika mipira ya magari iliyochakaa, vinajulikana sana katika Kenya. Sifa yake ni kudumu, na kumkinga mtu na miiba na wadudu wa safura ambao huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya miguu iliyo wazi. Lakini mpira wa gari umetengenezwa ubebe gari, si mtu. Hauinami sana chini ya uzito wa mtu mmoja, na kwa hiyo mvaaji wa akala hutegemea kamani ya wayo wake mwenyewe.

Soli za wakimbiaji zimefuata njia nyingine. Ndani yake mna mpira mwepesi uliojaa vitundu vidogo vya hewa, kama mkate ulioumuka vizuri. Mwaka 2017 vilianza kuuzwa viatu ambavyo soli yake nene ilikuwa na bamba la nyuzi za kaboni katikati. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado, katika Marekani, walivipima wakaona kwamba soli hiyo ilirudisha kama sehemu 87 katika kila 100 za nguvu iliyowekwa, na kwamba mkimbiaji aliyevivaa alitumia nguvu pungufu kwa kadiri ya sehemu 4 katika 100. Watu wengi walidhani kwamba siri yote imo katika bamba. Lakini bamba hilo lilipokatwa vipande na wakimbiaji kupimwa tena, tofauti ilikuwa ndogo sana. Sehemu kubwa ya faida, basi, ilitoka katika ule mpira mwepesi.

Tarehe 12 Oktoba 1919 haikujua viatu vya namna hiyo. Lakini miaka 100 kamili baadaye, tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge wa Kenya alivaa viatu vya jamii hiyo mjini Vienna, akakimbia kilomita 42 na mita 195 kwa saa 1, dakika 59 na nukta 40. Mbio hizo hazikuandikwa kuwa rekodi, kwa sababu wasaidizi walipokezana kumwongoza njiani. Hata hivyo zilizusha swali zito: je, ashindaye ni mtu au ni kiatu? Mwaka 2020 chama kinachotawala riadha ulimwenguni kiliamuru kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi unene wa milimita 40, wala isiwe na bamba zaidi ya moja.

MIGUU YA BANDIA

Kwa mkimbiaji, kamani ni jambo la nukta chache. Kwa mtu aliyekatwa mguu ni jambo la kwenda sokoni au kubaki nyumbani.

Zamani mguu wa mti ulikuwa na bawaba kwenye kifundo. Bawaba hiyo ililia, ikalegea na kutaka kutengenezwa kila mara. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California waliiondoa kabisa. Walitengeneza wayo wenye kiini cha mti, vidole vya mpira, na kisigino cha mpira laini. Mtu akikanyaga, kisigino hubonyea, na wayo hulala chini kana kwamba kifundo kimepinda. Wayo huo ni rahisi na wadumu, lakini haumsukumi mtu mbele sana. Tena watu wa nchi za joto waliona upungufu mwingine: ulitengenezwa ukae ndani ya kiatu, wala haukumruhusu mtu kuchutama.

Jawabu lilipatikana Jaipur, katika Bara Hindi. Mwaka 1968 fundi mmoja, Ram Chandra Sharma, pamoja na daktari wa mifupa, P. K. Sethi, walitengeneza wayo wa mpira uliopikwa kwa joto ndani ya kalibu. Kisigino na sehemu ya mbele ni mpira wenye vitundu vya hewa. Juu yake kuna kipande cha mti. Na vyote vimevikwa mpira mgumu wenye rangi ya ngozi. Kwa kuwa hupinda pande zote, mwenye wayo huo aweza kuchutama, kuketi chini na kukunja miguu, kupanda mti, na kulima katika shamba lenye maji bila kiatu. Daktari Sethi alipewa tuzo la Ramon Magsaysay mwaka 1981.

Katika Marekani kijana mmoja, Van Phillips, alipoteza mguu mwaka 1976 kwa ajali majini. Hakuridhika na mguu aliopewa, akajifunza kazi ya kutengeneza miguu ya bandia, na mwaka 1984 akaanzisha kampuni ya kuuza wayo wa nyuzi za kaboni. Wayo huo hauna kisigino cha mpira wala kiini cha mti; ni bamba jembamba lililopindwa, ambalo huinama kama upinde mwili unapopita juu yake, kisha hunyoka na kumsukuma mtu. Katika jamii hiyo zimo zile kamani ndefu zinazovaliwa na wakimbiaji katika michezo ya walemavu.

KUCHAGUA KWA BUSARA

Mtu asidhani kwamba kilicho ghali ndicho kimfaacho. Kamani ya mkimbiaji haina kisigino, na mwenye kuivaa hawezi kusimama kwa utulivu. Kamani ngumu kwa mtu mwepesi haiinami, na kamani laini kwa mtu mzito huvunjika. Kwa hiyo fundi huuliza kwanza uzito wa mtu, kazi yake na njia anazopita. Tena kikombe kinachoshika kigutu ni muhimu kuliko wayo wenyewe, maana kikichubua, hata mguu bora huishia kuegemezwa ukutani. Kigutu hupungua ukubwa baada ya miezi michache, na mtoto hukua. Ni lazima wote wawili warudi kwa fundi kupimwa upya.

Na wenye kisukari wajue kwamba ugonjwa huo waweza kuua hisia za miguu, hata mtu akanyage msumari bila habari. Kidonda kidogo kisichoonekana kimewapotezea wengi mguu mzima. Watu hao wavae viatu vipana vyenye soli laini, wasitembee pekupeku, na kila jioni wazitazame nyayo zao, au wamwombe mwingine awatazamie. Wakiona jeraha au wekundu, waende hospitali upesi, bila kungoja maumivu, kwa maana huenda maumivu yasije kamwe.