Kidole Tumbo: Maumivu Yanayohama

Miongoni mwa maswali ambayo wasomaji huyauliza mara kwa mara ni kama mbegu za mapera na mchanga wa kwenye wali ndivyo visababishavyo ugonjwa wa kidole tumbo, yaani kuvimba kwa kifuko chembamba kilichoungana na utumbo mpana; ukweli ni kwamba vitu hivyo hukutwa ndani ya kidole hicho kwa nadra sana, na kinachokiziba mara nyingi ni kinyesi kilichokauka kikawa kijiwe, au tishu za kinga zilizovimba ukutani mwake.

Njia ikishaziba, ute huendelea kuzalishwa bila pa kutokea, shinikizo hupanda, ukuta hutanuka, na neva za viungo vya ndani, ambazo huhisi mtanuko lakini hazijui kuonyesha mahali, hupeleka taarifa katika sehemu ileile ya uti wa mgongo inayopokea hisia za ngozi ya kitovuni. Ndiyo maana mgonjwa hulalamikia kitovu, hukosa hamu ya kula, kisha hutapika. Saa kadhaa baadaye, uvimbe ukigusa utando wa ukuta wa tumbo, wenye neva zinazobainisha mahali barabara, maumivu huhamia chini kulia, na hata kukohoa au gari kuruka tuta humfanya akunje uso. Kidole kikipasuka, shinikizo hushuka na maumivu huweza kupoa kwa muda huku usaha ukisambaa, na hapo ndipo mganga aliyemkanda tumbo kwa madai ya chango hujitangazia ushindi.

Kwa kuwa si kila mgonjwa hupitia hatua hizo, madaktari hutumia pia alama za Alvarado, zilizochapishwa mwaka 1986, ambazo jumla yake ni 10, na ambamo maumivu ya kubonyezwa chini kulia na ongezeko la chembe nyeupe za damu hupewa alama 2 kila kimoja. Ultrasaundi husaidia, na kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, kipimo cha mimba hakiepukiki, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi huleta dalili zinazofanana. Kipimo cha Widal, cha homa ya matumbo (taifodi), kinachokimbiliwa kila tumbo linapouma, hakithibitishi wala hakikanushi ugonjwa huu.

Tiba ya kawaida ni upasuaji. Kuhusu kutumia antibiotiki badala yake, utafiti wa Finland uliohusisha watu wazima 530, ambao picha za CT zilionyesha kuwa kidole hakijapasuka wala hakina kijiwe, ulibaini kwamba kati ya waliopewa antibiotiki pekee, takriban 4 kati ya 10 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miaka 5.

Dawa za kuharisha na enema huongeza msukumo wa utumbo na huweza kuharakisha kupasuka, hivyo anayempa mgonjwa vitu hivyo anahatarisha maisha ya mgonjwa huyo. Mgonjwa asile, asikandwe, na afikishwe siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji.