Kashozi, Chimbuko la Parokia za Buhaya

Parokia ya Kashozi, iliyoko kaskazini mwa mji wa Bukoba, ilianzishwa mwaka 1892 na Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, baada ya Askofu Jean-Joseph Hirth kuondoka Buganda iliyokuwa imetikiswa na vita, nayo ikaitwa kwa Kijerumani Marienberg, yaani Mlima wa Maria.

Wamisionari walileta umbo geni la jengo: wakati msonge, nyumba ya asili ya Wahaya, ni duara lililoezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, kanisa la desturi ya Ulaya ni refu, na ukumbi wake huelekea altare, yaani meza ya sadaka.

Kashozi ndiko alikozikwa kwa muda Kardinali Laurean Rugambwa, aliyefariki mwaka 1997, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa ukardinali, mwaka 1960, na ambaye jimbo lake la awali lilikuwa Rutabo, Muleba. Mwaka 2012 mwili wake ulihamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba.

Makanisa haya ni kumbukumbu ya Buhaya nzima, hivyo yakarabatiwe bila kufutwa sura yake ya asili.